Dakika Tano za Tolotra

Khm. Kimya. Khm, khm.

Sauti ilitoka nje ya mlango wangu, na sikuhitaji kufungua ili nijue ni ya nani. Hakuna mwanafunzi mwingine wa udaktari aliyesafisha koo kwa utaratibu ule, kama mtu anayefagia uwanja kabla wageni hawajafika. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ya Antananarivo ilikuwa imeingia mpaka ndani ya soksi zangu.

"Ingia, kaka."

"Mimi ni nani hata nivuke kizingiti hiki bila—"

"Kizingiti chenyewe kimeliwa na mchwa. Ingia."

Tolotra akaingia ameinama, ingawa mlango ulimtosha. Alivaa koti la baba yake, na mkononi alikuwa na vitumbua vya moto ndani ya gazeti. Akaomba radhi kwamba vitumbua ni vichache. Vilikuwa vinane.

Niliweka simu mezani ihesabu muda. Nikachukua mwiko na kifuniko cha sufuria.

"Mgonjwa ana tumbo lililojaa maji," nikasema. "Nitajie sababu. Una dakika tano. Anza."

"Ninasimama hapa si kwa sababu ninastahili kusimama. Wapo wakubwa waliotangulia kuzaliwa, wapo wenzangu wenye ndimi bora kuliko wangu, na kama nitamruka aliye mbele au kumkanyaga aliye nyuma—"

Nikapiga kifuniko.

"Hakuna aliye nyuma, kaka. Nyuma yako kuna ndoo."

"Nilikuwa karibu kufika."

"Kufika wapi? Umetumia sekunde arobaini na hujaingia hata hospitalini."

Akaketi kitandani na kunitazama kwa ule upole wake ambao ulinikera kuliko tusi. Nikala kitumbua kimoja kwa hasira.

Mwaka uliotangulia Tolotra alifeli mtihani wa kitandani. Mtihani wenyewe ni hivi: unapewa mgonjwa usiyemjua, unakaa naye dakika ishirini, unamhoji na kumpima. Halafu watahini wawili wanasimama kando ya kitanda, na wewe una dakika tano za kuwaambia mgonjwa ana nini na utamfanyia nini. Kengele ikilia, umekwisha. Tolotra alitumia dakika nne na nusu kuomba radhi. Aliomba kwa Kimalagasi, kisha, kwa kuwa masomo yetu yote ni kwa Kifaransa, akaitafsiri radhi nzima kwa Kifaransa ili vitabu navyo visione vimedharauliwa. Kengele ililia akiwa anamshukuru mama aliyemzaa mgonjwa. Watahini wakaandika: Hakujibu.

Kitivo chetu kinaruhusu mtu kurudia mwaka mara moja tu. Mtihani wa Julai ulikuwa wa mwisho kwake. Akifeli, miaka sita ya udaktari imekwenda na maji, naye anarudi kuwa msemaji wa harusi kama baba yake. Kazi hiyo alikuwa akiifanya kila Jumamosi tangu ana miaka kumi na saba, akisimama mbele ya ukoo wa bibi harusi kuomba mke kwa niaba ya watu wengine.

Huko harusini, mtu haanzi na jambo lenyewe. Kwanza unajivua lawama. Unaomba radhi kwa wakubwa waliopo, kwa wasiokuwepo, kwa wafu, kwa kila ambaye angestahili kusema kabla yako. Usipofanya hivyo, lawama ya neno lako inakuganda. Mimi sina ugomvi na desturi hiyo mahali penye nyama ya ng'ombe na mchana mzima wa kukaa. Lakini mtahini hana mchana mzima. Ana wanafunzi arobaini na viatu vinavyombana.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Tolotra alijua. Alijua kuliko sisi sote. Ndiye aliyenifundisha kugonga kifua kwa kidole na kusikia mahali hewa inapokwisha na maji yanapoanza. Alinishika mkono wiki mbili, kila alasiri, mpaka masikio yangu yakafunguka. Kwa hiyo aliponijia mwezi wa Juni na kusema, baada ya robo saa ya kuzunguka, kwamba anahitaji msaada, sikuweza kumfukuza.

Na mimi nilikuwa mtu wa kufaa. Sitajidai mnyenyekevu. Kwa miaka minne nilikuwa wa kwanza darasani, na nusu ya darasa walifaulu kwa mashairi yangu. Nilijifunza kupanga vina peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya dawati, na kila orodha ndefu ya vitabuni niliigeuza beti. Karatasi zangu zilining'inia kwenye duka la fotokopi kando ya lango la kitivo. Ubeti wa maji tumboni ulikuwa huu:

Tumbo likijaa maji, ini ndilo la kuanza,
Figo nayo mvujaji, moyo ukichoka kwanza,
Kifua kikuu hoji, uvimbe usije ponza.

Mtu mwenye mistari hiyo mitatu kichwani hawezi kubabaika. Mbinu nyingine zilikuwa za kawaida tu. Jibu kwanza, sababu baadaye. Usiseme "labda". Soma maswali ya miaka mitano iliyopita, maana watahini ni wavivu kama sisi. Ukimaliza, funga mdomo. Mtahini akiona umenyamaza anaandika, akiona unaendelea anatafuta kosa.

Tolotra aliandika haya yote kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari, akanishukuru. Kisha akafungua kinywa na kuanza na wazee.

Wiki ya kwanza tuliipeleka radhi kutoka dakika nne na nusu hadi mbili. Tulikuwa tukipatana bei kama watu walio sokoni.

"Wafu niwaache?"

"Waache."

"Wote?"

"Wote. Wafu hawatoi alama."

"Na wazazi wa mgonjwa?"

"Kaka, mgonjwa ana miaka sabini."

"Ndiyo maana nauliza. Watakuwa wafu, na wafu umeshaniambia niwaache, lakini hawa ni wafu wanaohusika."

Nilipiga kifuniko mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki ya pili tulifika sekunde arobaini. Alikonda. Alikuwa akisema sentensi ya kwanza, anaona mwiko wangu umeinuka, anameza ya pili kama mtu anayemeza mfupa. Wiki ya tatu ilipoanza alirudi kwenye dakika mbili, kwa sababu Jumamosi alikuwa amesema kwenye harusi na ulimi ulikuwa umekumbuka njia yake. Siku hiyo nilitupa mwiko chini.

"Niambie ukweli," nikasema. "Unataka kuwa daktari au unataka kuwa redio?"

Hakukasirika. Alitazama maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, yakipoa kwenye kikombe chake.

"Mdogo wangu, wewe unadhani naogopa watahini. Siwaogopi. Neno gumu likitoka bila radhi, linampiga mtu. Halipotei hewani. Lazima awepo wa kulibeba."

"Basi nitalibeba mimi."

"Usiseme hivyo kwa mzaha."

"Sifanyi mzaha, nimechoka. Lawama zote za dakika zako tano nazibeba mimi, Rivo Andrianirina, na ukitaka nitatia sahihi. Sasa nitajie sababu za maji tumboni."

Akazitaja. Ini, figo, moyo, kifua kikuu, uvimbe, na nyingine mbili ambazo hazimo kwenye shairi langu. Sekunde kumi na nane. Nilikaa chini kwenye sakafu ya baridi.

Toka siku hiyo hakukosea tena.

Kwenye orodha ya mtihani jina langu lilitangulia lake, Andrianirina kisha Andrianjohary. Darasani kwetu robo ya watu wanaanza na herufi hizo hizo. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo kila mgonjwa alipangiwa wanafunzi wawili, mmoja baada ya mwingine. Kitanda cha nane kilikuwa chetu.

Kabla sijaingia wodini, mwanamke mmoja alinishika mkono wa koti. Alikuwa ametoka uani, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa huwapikia watu wao, na vidole vyake vilikuwa na majivu.

"Daktari, wewe ni wa kitanda cha nane? Mimi ni Honorine, mke wake. Lolote utakaloliona, asilisikie. Sisi tuliambiwa wiki tatu zilizopita. Yeye tumemwambia ni tumbo limechoka."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamjibu. "Mbele ya watahini tunazungumza Kifaransa."

Akaachia koti langu. Niliona mabega yake yakishuka. Na mimi nilisema vile bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sote. Tunaingia ndani ya Kifaransa kama mtu anayeingia nyuma ya pazia, tunasema tunayoyataka, tunatoka tunatabasamu kwa Kimalagasi.

Mzee Ranjeva alikuwa amelala na kofia yake ya majani juu ya kifua, blanketi hadi kiunoni, miguu yenye nyufa imetokeza. Nilimhoji haraka na vizuri. Maumivu tangu lini? Umepungua uzito? Umewahi kuwa na macho ya njano? Unafanya kazi gani?

"Nalima kidogo," akasema.

Nikaandika: mkulima. Nikashika tumbo. Ini lilikuwa gumu na lenye vinundu kama gunia la viazi, na maji yalicheza kando. Nilimaliza dakika tatu kabla ya muda na nikazitumia kupanga sentensi yangu ya kwanza.

Profesa Ravoahangy akaja na daktari mwingine ambaye hakusema neno muda wote. Profesa ni mwanamke mfupi, mwenye miwani kwenye kamba, na hapendi kungoja.

"Haya."

"Saratani ya ini," nikasema kwa Kifaransa. "Imesambaa, haipasuliki. Chanzo ni homa ya ini ya aina ya B. Tumbo lina maji kwa sababu hiyo. Tiba iliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu."

"Kwa nini si kifua kikuu?"

Nikamweleza kwa nini. Akauliza mawili mengine, nikamjibu mawili, nikafunga mdomo. Kusoma maandishi yaliyopinduliwa ni mojawapo ya mbinu zangu, na niliona kalamu yake ikiandika kumi na sita kati ya ishirini. Hakuna aliyewahi kupata kumi na sita kwake. Akaondoka kuelekea kitanda kingine, yule daktari kimya nyuma yake.

Ndipo Mzee Ranjeva aliponiuliza:

"Miezi mingapi, bwana?"

Aliuliza kwa Kifaransa. Si kile cha kuokoteza sokoni. Kilikuwa Kifaransa cha ofisini, cha zamani, kilichopigwa pasi. Baadaye nilijua kwamba alikuwa karani wa reli miaka thelathini na mmoja, na kwamba kulima kidogo alianza alipostaafu. Nilikuwa na dakika tatu za ziada na sikuuliza alifanya nini kabla ya jembe.

Kengele ililia. Nilifanya anachofanya mtu mwenye kumi na sita. Nilitoka.

Mlangoni nilipishana na Tolotra. Kuzungumza na anayeingia ni marufuku, unafutiwa mtihani. Sikumwambia kitu. Nilimwonyesha kidole kimoja, maana yake jibu kwanza, na yeye akainamisha kichwa kama aliyepokea baraka.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Dakika ishirini, kisha tano. Nilijiambia kwamba mzee yule labda hakuelewa vizuri. Kisha nikajiambia kwamba kuelewa si kosa langu.

Tolotra alitoka taratibu, koti la baba yake amelikunja mkononi. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Umetaja ugonjwa?" nikamuuliza.

"Kaa chini, Rivo."

"Umetaja?"

"Sikutaja."

Nilishika kichwa. Wiki tatu, kifuniko cha sufuria kimebonyea, jirani hanisalimii, na mtu hakutaja.

"Neno moja, kaka. Mawili kwa Kifaransa. Ungekohoa ukayasema ndani ya kikohozi."

"Nilimkuta amegeukia ukutani. Blanketi kichwani. Nilimsalimia, hakuitika. Nikamuuliza jina, hakuitika. Dakika ya tatu ndipo aliposema, bila kugeuka, kwamba kijana aliyenitangulia amemaliza kazi yote, sisi wengine twende nyumbani."

Niliutazama mlango wa wodi.

"Kwa hiyo nikaomba radhi," akasema.

"Kwa kosa gani?"

"Lako."

"Radhi gani? Ile fupi?"

"Nzima. Na wafu. Mtu kama yule humwombi radhi ya sekunde arobaini. Nilipomaliza akasema ndani ya blanketi kwamba nimemsahau baba yake. Ilikuwa kweli. Nikamwongeza. Ndipo akageuka. Zilibaki dakika nane, nikampima, nikamuuliza niliyoweza. Karatasi ya maelezo nusu yake ni tupu."

"Na watahini walipokuja?"

"Profesa akasema, nipe ugonjwa. Mzee alikuwa akitazama mdomo wangu, Rivo. Alikuwa anangoja kuona kama litampiga mara ya pili. Nikamwambia Profesa: mgonjwa anaujua ugonjwa wake, mimi naujua, nanyi mnaujua, niruhusuni nieleze tutakachomfanyia. Nikaeleza. Maji tutayatoa vipi na mara ngapi. Dawa ya maumivu ianze na ipi, iishie na ipi. Chumvi. Lini arudi nyumbani, na mkewe amlaze vipi ili apumue. Nilisema dakika nne na nusu. Nusu iliyobaki nilinyamaza, kama ulivyonifundisha."

Alisema hilo la mwisho bila kejeli. Ningependa angekuwa na kejeli.

"Na kuna jambo jingine," akaendelea. "Ili ageuke, nilimwahidi kwamba aliyesema atarudi."

"Umeahidi kwa niaba yangu? Bila kuniuliza?"

"Ulisema utabeba."

Nilisimama nikaenda mpaka mwisho wa ukumbi, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kumpiga mtu na hakukuwa na wa kupigwa. Kila nilipomtazama Tolotra niliona mtu ambaye angekuwa daktari bora kuliko mimi, na ambaye Jumamosi ijayo angekuwa anawaposea watu wengine harusini, milele, kwa sababu hakusema neno ambalo mimi nilikuwa nimeshalisema mapema mno.

Profesa alikuwa kwenye chumba cha wauguzi, anajumlisha. Karatasi zilikuwa zinapelekwa kwenye baraza la mtihani saa sita. Nilibisha, nikaingia, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye mstari wa Andrianjohary. Tisa. Ya kufaulu ni kumi.

"Umepotea?" akauliza.

"Nimekuja kwa ajili ya tisa hiyo, Profesa."

Akaifunika karatasi kwa kiganja. "Toka nje."

"Umemkata alama kwa sababu karatasi yake ya maelezo ni tupu. Ulidhani hajui kuhoji. Mgonjwa alikuwa amejifunika blanketi kichwani, na aliyemfunika ni mimi. Anajua Kifaransa. Alisikia kila kitu nilichosema, na aliniuliza miezi mingapi, nami nikaondoka. Mke wake alinionya kabla sijaingia."

Profesa alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Anajua Kifaransa?"

"Kuliko mimi."

"Uliandika mkulima."

"Niliandika nilichokiona."

Aliitazama tena karatasi. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Unataka nimpe alama kwa neno ambalo hakulisema," akasema hatimaye.

"Nataka umrudishie za kuhoji. Dakika kumi na mbili alizitumia kutengeneza nilichokivunja."

"Kuzungumza na mgonjwa ni alama nne. Wewe nilikupa zote nne." Alivaa miwani, akavuta karatasi. "Sikumtazama mgonjwa usoni. Niliisikiliza sentensi yako, ilikuwa safi, nikapendezwa. Hilo ni langu mimi." Kalamu ikakata kumi na sita, ikaandika kumi na mbili. Aliandika kubwa, bila kuficha, nami sikuhitaji kuipindua. Kisha ikashuka mstari mmoja, ikakata tisa, ikaandika kumi na moja.

"Za kutaja ugonjwa simpi hata moja. Mwambie hivyo. Kama hakutaka kusema mbele ya mgonjwa, angeandika kwenye karatasi akanipa. Kalamu alikuwa nayo mkononi."

Wiki tatu za mwiko na kifuniko, mashairi, mapatano juu ya wafu, na hakuna hata mmoja wetu, si mimi wa kwanza wa darasa, si yeye ajuaye kila kitu, aliyewaza kuandika neno kwenye karatasi.

"Tokeni sasa," akasema Profesa, ingawa nilikuwa peke yangu.

Kwa kumi na mbili nilikuwa nimeshuka hadi nafasi ya nne. Aliyeshika ya kwanza ni msichana anayeitwa Haja, ambaye alikariri kila ubeti wangu na hajawahi kununua nakala, alikuwa akisoma ukutani dukani. Nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma. Iliniuma mpaka kwenye meno.

Tolotra nilipomwambia kumi na moja, aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, akaziba uso kwa koti la baba yake. Mabega yalitikisika muda mrefu. Watu walipita wakidhani amefeli. Alipolitoa koti usoni, aliniangalia, akavuta pumzi, nikajua kinachokuja.

"Mimi niliye mdogo mbele ya—"

"Sikia. Profesa amesema ungeandika kwenye karatasi. Karatasi tu."

Alitafakari. "Kweli," akasema. "Hilo hatukulifikiria." Na akaanza kucheka, huku bado analia, na mimi nilikasirika zaidi kwa sababu nami nilikuwa nacheka.

Kisha akanitazama tu, akangoja. Hakuniambia niende. Nikaenda.

Mzee Ranjeva alikuwa ameketi, mto mgongoni. Kofia ilikuwa kwenye nguzo ya kitanda. Nilisimama mahali pale pale nilipokuwa nimesimama asubuhi, na nilikuwa sina sentensi ya kwanza.

"Yule wa maneno mengi amefaulu?" akauliza, sasa kwa Kimalagasi.

"Amefaulu, mzee. Kwa alama moja."

"Nilijitahidi. Nilimpa dakika nane."

"Nimekuja kwa sababu—"

"Najua kwa nini umekuja. Nilikuuliza swali."

Nikavuta kiti. "Sijui kwa hakika. Huenda mitatu. Huenda isifike."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakiki ratiba ya treni na kuikuta sawa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Honorine hajui kama najua. Wiki tatu ananipikia huku anaimba. Tumekaa miaka arobaini na mbili, hajawahi kuimba. Nilidhani ni furaha ya kukaa mjini. Leo nimeelewa. Mwambie kwamba najua, aache kuimba, anaimba vibaya."

"Mzee, si ungemwambia mwenyewe?"

"Akiingia na sufuria, uso wangu unaanza kudanganya wenyewe. Sote wawili hatuwezi kulisema."

"Basi nimwite Tolotra. Atasema vizuri kuliko mimi."

"Yule? Atafika kwenye jambo lenyewe jioni. Wali utaungua." Alikohoa, akashika ubavu, akangoja maumivu yapite. "Wewe unasema haraka. Nataka wa haraka. Ila safari hii mtazame mtu kwanza."

Kupitia dirishani niliuona ua wote, mioshi midogo midogo, na Bi Honorine amechuchumaa anapuliza makaa. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa anaimba. Nilitamani mtu aje anipe swali la figo, la moyo, la lolote.

Nikamshika mzee mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Nitamwambia mimi, mzee," nikasema, kwa sauti ambayo kitanda cha saba na cha tisa walisikia. "Nitamwambia leo, kabla wali haujaiva. Nitachuchumaa karibu naye, nitamtazama, na sitainuka pale mpaka yeye mwenyewe aniambie niinuke."